Staa, Bampa la Chuma na Bolti Zilizogoma: Mzee wa Watu Kakosea Wapi?

Kuna klipu imezunguka mjini, status kwa status. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kasimama gereji mbele ya Hilux yake. Bampa jipya la chuma limelazwa juu ya maboksi, limepakwa rangi nyeusi, tayari kwa picha. Chini ya gari kuna mzee kalala chali, miguu tu inaonekana, anapambana na bolti za bampa la zamani. Staa anajirekodi: "Siku ya pili hii! Bolti sita, siku mbili! Mafundi wa Bongo bwana!" Halafu emoji za kucheka, mstari mzima.

Povu lililofuata kila mtu kaliona. Fundi maiko. Mzee apumzike. Gari ipelekwe kwa wenye mashine. Walioangalia mpaka mwisho walimsikia mzee akijibu kutoka uvunguni, taratibu kabisa: "Kijana wangu, hizi zimekula kutu. Nikizilazimisha zitakatika." Hilo hakuna aliyelikoti.

Sasa ukweli uwekwe mezani. Mzee alikuwa anafanya kazi sahihi, na aliyechemka ni mwenye gari.

Hiyo Hilux, kama ilivyo kwa nyingi za kabati mbili zinazotamba mjini, ilitumika Uingereza kabla ya kuletwa Bongo. Kule wakati wa baridi barabara zinamwagiwa chumvi ili barafu isishike. Ile chumvi inarukia chini ya gari na kuingia kwenye kila nati, miaka nenda rudi. Gari ikishuka bandarini imeoshwa, imepigwa polishi, inang'aa juu. Chini hakuna anayechungulia. Halafu staa anaishi Mbezi Beach, upepo wa bahari unaendelea pale Waingereza walipoishia. Bolti inayoshika bampa kwenye ncha ya chasisi haijaguswa tangu gari itoke kiwandani. Kutu ikijaa kati ya meno ya bolti na meno ya nati inatanuka, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana inabana hivyo. Haisikii misuli.

Na ubaya zaidi, sehemu hizo mara nyingi nati imechomelewa kiwandani kwa ndani ya chasisi, mkono haufiki. Bolti ikikatika, kipande kinabaki humo. Ile nati ikibanduka inazunguka pamoja na bolti, na fundi hana pa kuishikia. Hapo kazi ya siku mbili inageuka ya wiki.

Kwa hiyo mzee alifanya nini hizo siku mbili? Siku ya kwanza jioni alisugua meno yaliyo nje kwa brashi ya waya, akapulizia mafuta ya kulegeza kutu, akaacha. Asubuhi akapulizia tena. Mafuta hayo yanapenya polepole kwenye nafasi nyembamba kuliko unywele, hayana habari na ratiba ya shoo. (Na wale wanaopulizia WD-40 ya kawaida mara moja halafu wanalaumu kopo: ile ilibuniwa mwaka 1953 kazi yake kubwa ikiwa kufukuza maji kwenye chuma. Kwa kutu iliyokomaa yapo mafuta yake maalumu.) Kisha akachukua boksi spana ya pembe sita. Ya pembe kumi na mbili inashika kwenye ncha tu za kichwa cha bolti, ikiteleza mara mbili kichwa kinakuwa duara, kwisha habari. Akaunga bomba refu kwenye mpini apate nguvu bila kupigapiga hovyo. Na kitu ambacho watu wa comments walikicheka sana, "anafunga badala ya kufungua", ndicho kilichoonyesha ni mjuzi. Unaikaza kidogo mpaka ile kutu ivunjike, unarudisha robo mzunguko, unaongeza mafuta, unakaza tena, unarudisha. Bolti inatoka kwa kwenda na kurudi.

Bolti nne zilishatoka nzima. Mbili za mwisho alisema zitahitaji moto, na moto alitaka autumie kesho yake, baada ya kusogeza nyaya na plastiki zilizo karibu, na baada ya mafuta aliyopulizia kukauka, maana yanashika moto. Mwenye gereji gani mzembe anawaza hayo yote?

Staa hakusubiri. Alikuwa na "content" ya kupost Ijumaa. Gari ikavutwa kwenda kwa vijana fulani wenye mataa ya rangi na muziki mkubwa, na kazi ikaisha kwa saa tatu. Grenda ikakata vichwa vya bolti mbili. Vipande vilivyobaki ndani ya chasisi havikutolewa. Breketi ya upande huo ikachomelewa moja kwa moja kwenye chasisi, juu ya kutu na rangi, betri ikiwa imeunganishwa. Upande wa pili zikawekwa bolti mpya zinazong'aa kama fedha, zinapendeza kwenye kamera. Staa kapost: "Hapa ndo kuna wataalamu." Likes za kumwaga.

Tatizo la bolti zinazong'aa ni kwamba bolti haisomwi kwa mng'ao, inasomwa kichwani. Iliyoandikwa 8.8 yenye unene wa milimita 12 inakatika ikivutwa kwa takribani tani 6.8. Iliyoandikwa 4.6, unene uleule, ni nusu yake tu. Zile za stenlesi zenye alama A2-70 zinakaribia 8.8 kwenye kukatika, lakini zinaanza kuvutika mapema sana, na zikikaa muda mrefu kwenye chuma cha kawaida penye maji ya chumvi, hicho chuma cha kawaida ndicho kinaliwa haraka zaidi. Bolti ya mapambo ni ya kufungia namba ya gari. Bampa la chuma peke yake kilo zake ni za watu wazima, ukiongeza winchi ya kuvuta tani nne na ushee, uzito wote wa kuvuta unapita kwenye hizohizo bolti chache za kwenye ncha ya chasisi. Na hapo hajazungumzwa mtu wa vitambuzi vya eabegi, ambavyo kwenye magari mengi ya siku hizi vipo mbele hukohuko, na kuchomelea bila kuchomoa betri ni kuvichezea.

Yaliyotokea Bagamoyo mjini yanajulikana, ingawa ile video ilifutwa chapchap. Gari ya rafiki imenasa kwenye tope, staa anataka kuonyesha Hilux inavyovuta. Waya wa winchi ukakaza, na ule upande uliochomelewa ukabanduka. Bampa likageuka kama mlango. Nyuma ya gari iliyonasa walikuwepo vijana wawili wanasukuma, wengine pembeni wanarekodi. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyefanya lolote la maana kuhakikisha hilo. Waya ungekatika badala ya weldi, leo ingekuwa habari ya msiba.

Halafu staa akaenda live. Akasema fundi wa kwanza "aliharibu chasisi". Yule mzee! Ambaye bolti zake nne zilitoka bila mkwaruzo na aliyeomba siku moja zaidi.

Wapo watakaosema mafundi nao wanazingua. Kweli, wapo. Kuna anayekuambia njoo kesho wiki tatu, na anayelegeza kimoja ili alipwe kwa viwili. Lakini kuwatofautisha hakuhitaji digrii. Fundi anayezingua hana cha kukuonyesha. Huyu alionyesha bolti zilizotoka, akaeleza zilizobaki zina nini, akataja bei ya moto kabla ya kuuwasha. Wa mataa hawakuulizwa hata bolti wameweka daraja gani. Walisifiwa kwa kasi, na mteja akalipia kasi.

Na hapa ndipo mashabiki nao wanahusika. Pesa ya bampa ilikuwepo, ya rangi ilikuwepo, ya mpiga picha ilikuwepo. Ya siku moja ya mzee kusubiri mafuta yapenye haikuwepo, na umati ukapiga makofi. Kijana anayejifunza ufundi akiona hivyo anajua nini kinalipa: grenda. Kesho atakata bolti za springi za daladala ambayo hao hao waliocheka wanaipanda kwenda kazini.

Mzee, kwa mujibu wa majirani wa gereji, wateja wamepungua tangu ile klipu. Wanafika, wanamwangalia usoni, wanamkumbuka, wanaondoka. Hana akaunti ya kujibu. Hilux imerudishwa kwa fundi wa tatu, ambaye kaanza kwa kukata ile weldi yote, katoboa vipande vilivyobaki ndani ya chasisi, na kasema kazi itachukua siku nne. Safari hii staa hajarekodi.

Klipu ya siku ya kwanza bado iko kwenye ukurasa wake, imebandikwa juu kabisa. Aifute, aende gereji na simu ileile, amtaje mzee kwa jina mbele ya watu walewale, na amlipe zile siku mbili ambazo mpaka leo hajamlipa.