Elimu itangulie homoni

Mkulima anayechimba bwawa na kupandikiza vifaranga vya sato hutarajia kitoweo na fedha. Mara nyingi, baada ya miezi kadhaa ya jasho, huvua samaki wengi wadogo wasiofaa sokoni. Kosa si uvivu wake. Sato jike huanza kuzaa angali mdogo, huatamia mayai kinywani, na wakati huo hali vizuri. Bwawa hufurika watoto, chakula hakitoshi, na wote hudumaa.

Wataalamu wamepata njia ya kuliondoa tatizo hilo. Kifaranga anapoanza kula, hupewa kwa siku 21 hadi 28 chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume iitwayo methiltestosteroni, kwa kawaida miligramu 60 katika kila kilo. Karibu vifaranga wote huwa madume, nao madume hukua upesi kuliko majike. Njia hii imeenea duniani tangu miaka ya 1970.

Wapo walaji wanaohofu kwamba samaki huyo atawadhuru. Hofu hiyo haiondolewi kwa dharau bali kwa maelezo: masalia ya homoni hupungua upesi mara ulishaji ukomapo, na samaki hukaa bwawani miezi mingi kabla ya kuuzwa. Hatari iliyo wazi zaidi humkabili anayeichanganya bila glavu wala kuziba pua na mdomo. Aidha, maji ya matangi ya vifaranga yakimwagwa ovyo mtoni huipeleka homoni kwa viumbe wengine.

Kwa hiyo haifai kabisa homoni hiyo kuuzwa kiholela. Mkulima auziwe vifaranga, si unga wa homoni; na kazi ya kuwalisha ibaki katika vituo vyenye wataalamu na usimamizi. Asiyevipata vifaranga hivyo afundishwe kutenganisha madume na majike kwa mkono.

Siasa ni Kilimo ilipotangazwa Iringa mwaka 1972, wakulima walihimizwa kufuata kanuni za kilimo bora. Wito huo unamhusu pia mfugaji wa samaki. Lakini hawezi kufuata kanuni asizoelezwa. Ni wajibu wa maofisa uvuvi kutoka ofisini na kufika bwawani, na wa walimu kuyafundisha haya shuleni. Sayansi isiyoeleweka kwa mkulima humwacha mikononi mwa walanguzi.