Hiyo "fokasi" unauziwa ni arosto yako mwenyewe

Wiki iliyopita msee wa ajensi fulani aliniingilia DM. Alitaka video ya sekunde 30: mimi naedit saa nane usiku, natoa kikopo mfukoni, naweka kipakiti cha nikotini chini ya mdomo, alafu uso unaamka. Neno nikotini lisitajwe. Caption iseme tu "fokasi". Doh ilikuwa poa, na wacha nisijifanye: rent ilikuwa imefika, na nilikaa na hiyo message siku mbili.

Nilikataa kwa sababu hiyo video nishaiishi.

Nikiwa mwaka wa pili, kabla niache chuo (niliacha juu ya fees, si nikotini, kwa hivyo wale wa "ndio maana" mpumzike), rumu yetu ya hosteli karibu kila mtu alikuwa na kikopo. Flava ya mint, flava ya beri, kama switi za watoto. Fegi sijawahi vuta hata moja. Mathee angenipata na sigara angelia. Kikopo alikiona mezani akauliza kama ni peremende.

Mwezi wa kwanza niliapa kinafanya kazi. Naweka, dakika chache kichwa kinatulia, nasoma. Chenye hakuna mtu aliniambia ni kwa nini kichwa kilikuwa hakijatulia hapo kwanza. Ubongo ukishazoea nikotini, ikipungua tu unakuwa na hasira, hukai chini, kurasa mbili zinakushinda. Hiyo ni arosto, manze. Unaweka kingine, arosto inaisha, alafu unaita hiyo fokasi. Ni kama msee akukanyage mguu mchana kutwa, jioni akulipishe ndio atoe kiatu.

Kikopo changu kiliandikwa miligramu 10 kwa kila kipakiti. Si zote zinaingia mwilini, sawa. Lakini mtu anayevuta sigara moja anapata kama miligramu 1 hadi 2 hivi. Mimi nilikuwa naweka kipakiti baada ya kipakiti, moyo unadunda kama nimekimbilia matatu, ufizi unawasha, na bado nasema sivuti.

Najua jibu lenu: "Ni afadhali kuliko sigara." Kwa msee ambaye tayari anavuta pakiti kwa siku, kweli, hakuna moshi hapo, na moshi ndio unachoma mapafu. Sibishani. Lakini hiyo video haikuwa ya mzee wa miaka 50 anayejaribu kuacha. Ilikuwa ya followers wangu, na wengi wenu bado mko sekondari. Ubongo unaendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na unaponasa mapema kutoka kunakuwa ngumu zaidi. Tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka duniani. Biashara inayozika wateja hivyo lazima itafute wengine, na haiwatafuti kwa nyumba ya wazee.

Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza matangazo. Mwaka 2020 Mutahi Kagwe, akiwa Waziri wa Afya, alihoji vipi hivi vipakiti vilisajiliwa kama dawa badala ya kufuata hiyo sheria. Bango la barabarani linaonekana na kila mtu, hata serikali. Mimi kwa keja yangu na ring light, nani ananiona?

Alafu Ijumaa kikopo kinaenda base pamoja na mzinga. Pombe inakulaza, nikotini inakuamsha, unakunywa zaidi ukidhani uko sawa. Pombe yenyewe iko kwenye orodha ya vitu vinavyoleta saratani tangu 1988. Na nyinyi wa kuchanganya pombe na fegi ama shisha (ilipigwa marufuku Desemba 2017, na bado naiona kwa story zenu kila wikendi), hatari ya saratani ya mdomo na koo hapo haijumlishwi, inazidishwa.

Sijaandikia wale wamenaswa. Nilichukua miezi minne kutoka, na wiki mbili za kwanza niligombana na kila mtu, hadi kondakta. Nimeandikia creators wenzangu. Nimeona hiyo video kwa page tatu tayari, ni ile ile, hadi angle ya kikopo. Kama mlilipwa, andikeni hapo chini kwamba mlilipwa, na muandike ni nikotini. Hata hayo maneno mawili yamewashinda.