Kukata Bima ni Lazima, Kulipwa ni Hisani?

Makamanda, nianze na hesabu ndogo. Gari langu ni Toyota IST. Kampuni ya bima ilikubali kwamba thamani yake ni shilingi milioni 14. Bima kubwa kwa asilimia 3.5 ni shilingi 490,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, yaani shilingi 88,200. Jumla 578,200. Nililipa yote kwa mkupuo, kwa sababu hapo hakuna mchezo: hujalipa, huna bima. Hakuna cha "nitamalizia mwisho wa mwezi".

Gari likaibiwa usiku, nje ya nyumba ninayopanga. Asubuhi nilikuwa kituo cha polisi, nikapewa RB. Mchana nilikuwa ofisi za kampuni ya bima kutoa taarifa. Leo ni mwezi wa tisa. Sijalipwa hata mia.

Najua kuna chawa watakaosema hii ni habari binafsi, tusiingize siasa. Hapana. Sheria ya bima inatungwa bungeni. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, iko chini ya Wizara ya Fedha. Polisi wanaotoa barua ya upelelezi ni wa serikali. Sasa hapo siasa haimo wapi?

Tuanze na huko kuzungushwa kwenyewe, maana wengi wenu mtakuja kukutana nako. Nyaraka nilizoambiwa nipeleke ni hizi: fomu ya madai, kadi halisi ya gari, funguo zote mbili, nakala ya leseni na kitambulisho cha NIDA, RB, na maelezo ya maandishi ya jinsi gari lilivyoibiwa. Nilizipeleka zote ndani ya wiki ya kwanza. Dada wa mapokezi akanigongea mhuri, nikajua nimemaliza.

Wiki ya tatu simu ikaita. "Kaka, tunahitaji barua ya polisi kuonyesha gari yako haijapatikana." Sawa. Kituoni nikaambiwa mpelelezi amesafiri. Aliporudi, faili liko kwa mkubwa wake. Mkubwa akahamishwa. Barua ikatoka mwezi wa nne. Kampuni wakaitazama, wakasema haina mhuri wa mkoa. Ikaenda mkoani. Iliporudi, nikaambiwa sasa kampuni inamleta mpelelezi wake yenyewe. Akaja kijana na daftari, akauliza maswali yaleyale niliyojibu kwenye fomu, akaongeza moja jipya: "Kwa nini ulilaza gari nje?" Nikamjibu, ndugu yangu, ningekuwa na geti na mlinzi wa usiku, si ningelilaza ndani?

Mwezi wa saba wakaniita, tabasamu tele. Mezani kuna hati ya kumaliza madai, wanataka saini tu. Kiasi: milioni 9.8. Eti bei ya soko imeshuka. Yaani siku ya kuchukua hela yangu gari lina thamani ya milioni 14, siku ya kunilipa limechakaa kwa milioni nne na ushee. Sikusaini. Tangu siku hiyo simu zangu hazipokelewi.

Wakati wote huo maisha hayakusimama kunisubiri. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi na semina. Kamera, taa na stendi havipandi daladala. Kazi za mikoani nimezikosa. Gari lenyewe nililinunua kwa mkopo wa SACCOS, na mkopo haujui kama gari limeibiwa. Mwezi wa tano marejesho yalinishinda, SACCOS ikawageukia wadhamini wangu wawili. Mmoja ni mama anayeuza vitenge. Akiba aliyokatwa aliiweka kwa ajili ya ada ya chuo ya binti yake. Mama huyo hajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini ndiye anayelipia uchelewaji wa kampuni ya bima. Hapo ndipo ninapowaambia kwamba jambo hili si la "wenye magari".

Kila nilipouliza nitalipwa lini, jibu lilikuwa moja: siku zinaanza kuhesabiwa nyaraka zikikamilika. Nani anasema zimekamilika? Kampuni. Nani ana haki ya kuongeza karatasi moja kila mwezi? Kampuni hiyohiyo. Mdaiwa ndiye anayejipangia siku deni lake litakapoanza kuiva. Nyie mkikopa kausha damu mtaani mnapewa nafasi hiyo?

Wengine wanadhani ni uzembe tu wa makarani. Nawaambia ni biashara. Kampuni za bima haziweki fedha chini ya godoro. Zinaziweka kwenye amana za benki na hati fungani za serikali, zinazaa. Tuseme, kwa mfano tu, faida ni asilimia 10 kwa mwaka. Milioni 14 zikikaa miezi tisa zinazaa shilingi 1,050,000. Hiyo ni karibu mara mbili ya hela niliyolipia bima. Kila mwezi wanaonizungusha wanavuna, mimi naongeza deni. Na nikichoka nikasaini milioni 9.8, wamevuna tena milioni 4.2 juu. Kuchelewesha kunalipa. Kitu kinacholipa hakiachwi kwa kuombwa kwa upole.

Sasa tazameni upande wetu. Bima ya gari ni lazima kisheria, Sura ya 169 ya sheria za nchi hii. Ukisimamishwa barabarani, trafiki anaingiza namba ya gari kwenye simu, mfumo wa TIRA unamwambia papo hapo kama bima yako iko hai. Huna? Faini 30,000, na ukichelewa kuilipa inaongezeka. Serikali iliweza kujenga mfumo unaomkamata bodaboda wa Mbagala ambaye stika yake imeisha jana. Haijashindwa teknolojia. Basi ituonyeshe mfumo unaomwambia mwananchi kampuni gani inalipa kwa siku 30 na ipi inalipa kwa siku 300. Simaanishi kitabu cha taarifa ya mwaka chenye majedwali ya wataalamu. Namaanisha orodha ya wazi, mtu anaifungua kwenye simu kabla hajatoa hela yake.

Tuliambiwa soko litatibu haya. Baada ya Azimio la Arusha, mwaka 1967, bima iliwekwa mikononi mwa shirika moja la taifa. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua milango kwa kampuni binafsi, na hoja ikawa ushindani utaleta huduma. Ushindani upo kweli, lakini ni wa kuuza. Mawakala wamejaa kila kona na miavuli yao, stika unapata ndani ya dakika tano. Kwenye kulipa hakuna mwavuli hata mmoja.

Najua jibu la kampuni: kuna watu wanaficha magari yao wenyewe halafu wanadai. Ni kweli, matapeli wapo. Basi chunguzeni, tena kwa bidii, lakini mchunguze kwa siku zinazohesabika na mtoe majibu kwa maandishi. Kama mna ushahidi kwamba mimi ni tapeli, nipelekeni mahakamani kesho. Kama hamna, nilipeni. Kumweka mtu miezi tisa bila kumshtaki na bila kumlipa si uchunguzi, ni kumchosha mpaka akubali chochote.

Wala tunachodai si ndoto. Sheria zetu za mikataba na bima zina mizizi Uingereza, na Waingereza wenyewe walikuwa na ugonjwa huu. Mwaka 1986 mfanyabiashara aitwaye Sprung alivunjiwa kiwanda na wahuni, kampuni ya bima ikakataa kumlipa, biashara yake ikafa. Miaka ya 1990 Mahakama ya Rufani ikamwambia pole, lakini kwa sheria ilivyo huwezi kulipwa fidia kwa sababu bima imechelewa kukulipa. Walipiga kelele miaka mingi mpaka bunge lao likabadilisha. Tangu Mei 2017, mkataba wa bima kule una sharti la kulipa ndani ya muda wa kuridhisha, na kampuni ikivunja sharti hilo mteja anaweza kudai fidia ya hasara aliyoipata kwa kucheleweshwa. Hawakusubiri huruma ya kampuni. Walitunga sheria.

Kwa hiyo madai yetu vijana ni haya, na tuyabebe hadi kwenye ilani:

1. Siku za kulipa zianze kuhesabiwa mteja anapotoa taarifa. Kampuni itaje nyaraka zote inazotaka ndani ya siku saba, kwa maandishi, mara moja tu. Isiyotajwa, imesamehewa.

2. Polisi watoe barua ya hali ya upelelezi wa gari lililoibiwa ndani ya siku 30, waipeleke wenyewe kwa kampuni. Mwananchi si tarishi wa serikali.

3. Thamani iliyotumika kunitoza ndiyo itumike kunilipa gari likiibiwa ndani ya mwaka huohuo wa bima.

4. Kampuni ikichelewa, ilipe riba, na riba hiyo iende kwa mteja.

5. TIRA itangaze kila robo mwaka kila kampuni inalipa madai kwa siku ngapi, kwa majina.

Wakati tunapambania hayo, wewe uliyekwama fanya hivi. Kila unachopeleka, baki na nakala yenye mhuri na tarehe. Wakikujibu kwa simu, waandikie barua pepe siku hiyohiyo ukirudia walichosema. Usisaini hati ya kumaliza madai kwa njaa, maana ukisaini umefunga mlango. Andika malalamiko rasmi kwa kampuni. Wakikaa kimya, nenda TIRA, wana ofisi za kanda. Halafu iko Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na kupeleka shauri kwake ni bure. Mimi faili langu tayari liko njiani kwenda huko. Na mama wa vitenge nimemwandikia kwa mkono wangu kwamba hela ya kwanza itakayotoka ni yake.

Lakini tusidanganyane, faili moja moja haitubadilishii nchi. Mwaka 2023 walipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, wanatuhimiza kila Mtanzania aingie kwenye bima. Vizuri. Ila mtu aliyezungushwa kwa gari miezi tisa atawaamini vipi na figo ya mama yake? Imani hailetwi na matangazo ya redioni. Inaletwa na kulipa deni kwa wakati.

Wanajua kutudai. Tuwafundishe kulipa. Nguvu ya umma!