Hesabu ya Waliokufa Vitani Ni Kazi ya Karani



Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaijua sote tulioshika kalamu, na karani huitaja kila anapoulizwa kwa nini ameandika hata bei ya kibiriti kimoja. Lakini yatupasa kujiuliza: ikiwa mali bila daftari hupotea, je, watu? Maana kila vita itokeapo, hesabu ya waliokufa hugombaniwa magazetini. Huyu asema gazeti fulani limepunguza idadi ili kuipendeza Serikali. Yule asema jingine limeongeza ili kuiaibisha. Nami nasema kwamba mara nyingi ugomvi huo hauanzi kwa mwandishi wa gazeti. Huanza pale ambapo daftari halikufunguliwa, au lilifunguliwa likafichwa.

Jambo hili si geni kwetu sisi wa Nyamwaga. Wakurya wa nchi hii na wa ng'ambo ya mpaka waliingia jeshini kwa wingi tangu siku za Keya, na baada ya uhuru wameingia katika majeshi ya Tanzania na ya Kenya. Basi ukoo mmoja waweza kuwa na kijana katika jeshi la huku na mwingine katika jeshi la huko, na habari za pande zote mbili zikasikilizwa katika mji mmoja. Asikilizaye namna hiyo hutambua upesi tofauti kati ya habari iliyotolewa na habari iliyozuiwa.

Natutazame mambo mawili ya miaka ya karibuni. Tarehe 15 Januari 2016 wapiganaji wa Al-Shabaab waliishambulia kambi ya askari wa Kenya huko El Adde, katika Somalia. Serikali ya Kenya haikutoa hesabu kamili ya waliouawa. Nafasi ile ilipoachwa wazi, kila mtu aliijaza kwa kalamu yake. Washambuliaji walitoa idadi yao. Rais wa Somalia wakati ule, Hassan Sheikh Mohamud, alisema kwamba askari wapatao 200 wamekufa, na wakuu wa Kenya wakalikana neno lake. Mwezi wa Mei mwaka ule ule shirika la habari la CNN la Marekani lilisema wasiopungua 141. Mwandishi mmoja alikuwa amekwisha kukamatwa Nairobi kwa habari na picha alizozitoa. Hapo mwenye kutaja idadi alionekana adui wa jeshi, na mwenye kunyamaza alionekana kinywa cha Serikali. Nani angeweza kuandika neno pasipo kudhaniwa kuwa na upande?

La pili lilitokea tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya askari wetu wa kulinda amani iliposhambuliwa huko Semuliki, mashariki ya Kongo. Siku ya pili yake Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba askari 14 wa Tanzania wameuawa, na wengi wamejeruhiwa. Miili yao ilipokewa Dar es Salaam na kuagwa mbele ya watu mwezi ule ule. Mtu aliweza kubisha kama yafaa askari wetu kupelekwa Kongo au haifai, na hiyo ni haki ya raia. Lakini hakuwa na haja ya kubisha kuhusu idadi ya majeneza. Huzuni ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa huzuni isiyochanganyika na fitina.

Hatusemi kwamba nchi moja ni njema na nyingine mbaya. Yaliyofanyika mara moja vema yaweza kufanyika kesho vibaya, hapa na kwingineko. Twasema tu kwamba hesabu ikitoka mapema huwanyima wachonganishi kazi, na ikikawia huwaajiri.

Watu wengine watasema kwamba vita ina siri zake. Ni kweli. Hakuna mwenye akili atakaye adui ajue askari wetu wako wapi, ni wangapi, na wana silaha gani. Lakini aliyeiteka kambi amekwisha kuwaona waliolala chini. Wale wa El Adde hata walipiga picha za sinema wakazionyesha ulimwenguni. Basi idadi ile haikuwa siri kwa adui. Ilikuwa siri kwa mama wa askari. Na siri imfichayo mama neno ambalo adui analijua, si siri ya vita tena.

Tena upendeleo hauko katika idadi peke yake. Uko pia katika kuchagua wafu wa kutajwa. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Japani iendayo chini ya maji, karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297. Miongoni mwao walikuwamo wanawake 77, wengi wao wauguzi, na mamia ya watu wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Katika masimulizi mengi meli ile hutajwa kwanza kwa ajili ya wanawake wale. Hatuwaonei wivu, maana nao walikufa kazini, na heshima yao ni haki yao. Lakini askari wa Kiafrika hutajwa kwa jumla tu, kana kwamba walikuwa sehemu ya shehena.

Na kabla ya hao walikuwako wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918. Waingereza waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki, na hesabu zitajwazo zasema kwamba 95,000 hivi walikufa, wengi kwa maradhi na kwa kukosa chakula. Jina la jeshi lao limebaki Dar es Salaam katika soko la Kariakoo, lakini majina yao wenyewe yako wapi? Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, Ben Wallace, aliomba radhi Bungeni. Sasa, ndugu makarani, tazameni pengo lililo kati ya tarakimu mbili hizo. Ni watu 234,000. Ni karani gani kati yetu angethubutu kupeleka hesabu ya ghala yenye pengo la namna hiyo, hata kama ghala lenyewe lina majembe tu?

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, jamaa za marehemu wapewe habari kabla ya gazeti, kwa mjumbe na kwa barua yenye sahihi. Pili, jamaa wakiisha kujua, idadi na majina yatangazwe katika orodha moja, afisa na askari wa chini pamoja, kwa mpango wa herufi na si wa cheo. Tatu, gazeti litajalo idadi liseme imetoka kwa nani, na kama pande mbili zinahitilafiana, liandike zote mbili na kumwachia msomaji apime.

Liko na letu ambalo halingoji amri ya mkubwa. Kila tawi la chama na lifungue daftari la watu wa kata yake waliokufa vitani: wa Keya, wa Kagera ya 1978 na 1979, wa Kongo, na hata wa upande wa pili wa mpaka ambao jamaa zao wako huku. Ziko barua za jeshi na nishani zilizofungwa katika vitambaa majumbani, na wako wazee wanaokumbuka majina. Wazee wakifa, na mchwa wakila barua, hakuna gazeti litakaloweza kusema kweli juu yao, hata likitaka.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tusingoje mshindo. Kalamu tunayo, na karatasi ipo.

Mwanachama,
Nyamwaga.