Z likitimiza miaka 60, stika pekee hazitatosha

MWAKA 2029 gari la michezo la Z, ambalo watu wengi wa Afrika Mashariki walilifahamu kwa jina la Datsun 240Z, litatimiza miaka 60 tangu lilipozinduliwa nchini Japani. Kwa desturi ya watengenezaji wa magari, mwaka kama huo haupiti hivi hivi. Hutolewa toleo la maadhimisho, lenye rangi yake, nembo yake na mara nyingi bei yake.

Mkulima wa Njombe au muuza mitumba wa Gikomba anaweza kuuliza habari hizo zinamhusu nini. Gari lenyewe lina milango miwili na viti viwili, halibebi gunia la viazi wala tenga la nyanya. Hana sababu ya kulinunua.

Lakini historia ya gari hilo ni historia ya biashara. Ni habari ya bidhaa iliyopata jina kwa ubora na bei, ikaanza kuuzwa kwa jina lenyewe, ikaanguka, kisha ikainuka tena. Na sehemu moja ya jina hilo ilijengwa katika tope la barabara za Kenya, Uganda na Tanzania.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mapema ni moja: mwaka 2029 Nissan itauza gari, au itauza stika?

Lilikoanzia

Z lilizinduliwa Oktoba 1969. Japani liliitwa Fairlady Z. Marekani, ambako ndiko wateja wengi walikotarajiwa, mkuu wa kampuni huko, Yutaka Katayama, aliona jina hilo halitawavutia wanunuzi. Likaitwa 240Z, kwa sababu injini yake ya silinda sita ilikuwa ya lita 2.4.

Katayama hakuwa mtu wa kukaa ofisini akisubiri ripoti. Alifika Marekani mwaka 1960, wakati magari ya Kijapani yalikuwa hayajulikani, na bidhaa iliyomfungulia njia haikuwa gari la kifahari bali pikapu ndogo ya Datsun. Alijua mteja wa kawaida anataka nini: kitu kinachofanya kazi, kisichosumbua, na ambacho mfuko wake unakimudu.

Bei ya 240Z mwaka 1970 ilikuwa dola 3,526. Hapo ndipo siri ilipokuwa. Aliyetaka gari la michezo zama hizo alikuwa na njia mbili. Angenunua la Kiingereza la bei nafuu na kuzoea kulipeleka gereji kila mara, au angelipa fedha nyingi zaidi kwa Jaguar au Porsche. Datsun ilikuja katikati: sura nzuri, mwendo wa kutosha, springi zinazojitegemea kwa kila gurudumu, na injini ambayo fundi wa kawaida aliielewa.

Matokeo yake magari hayakutosha. Wateja walipanga foleni, na wengine walilipa zaidi ya bei iliyotangazwa ili wasisubiri. Hadi kizazi hicho cha kwanza kilipomalizika mwaka 1978, magari zaidi ya 500,000 yalikuwa yameuzwa duniani.

Halikuwa gari lisilo na kasoro. Z za mwanzo zilikuwa mawindo ya kutu, na nyingi ziliishia kuwa chuma chakavu kabla ya kufikisha miaka 15. Lakini mteja alisamehe kutu kwa sababu alichoahidiwa katika bei na mwendo alikipata.

Jina lilikojengwa

Tangazo la gazetini linaweza kumfanya mtu anunue mara moja. Kumfanya aamini ni kazi nyingine, na kazi hiyo Datsun iliifanya Afrika Mashariki.

Pasaka ya mwaka 1971, mashindano ya Safari yalipita katika nchi tatu, kwa umbali wa zaidi ya kilomita 6,000. Barabara zilikuwa zile zile za mabasi na malori ya kahawa: vumbi, mawe, mito iliyofurika, tope. Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda wakiwa na 240Z namba 11, jekundu lenye boneti nyeusi. Nafasi ya pili ilichukuliwa na 240Z jingine, lililoendeshwa na Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda.

Mwaka 1973 Mehta alishinda yeye mwenyewe kwa 240Z, akiwa na Lofty Drews. Alilingana kwa pointi na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine, hata mshindi akapatikana kwa kuangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupoteza pointi. Mehta aliendelea kushinda Safari mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, mara zote kwa gari la kampuni hiyo hiyo, Datsun Violet.

Mtu aliyesimama kando ya barabara akimwagiwa tope hakuhitaji kuelezwa kwamba Datsun ni ngumu. Aliona kwa macho yake. Alipokuja kutafuta pikapu ya kubebea maziwa au mahindi, uamuzi wake ulikuwa umekwishafanyika. Gari la michezo lilikuwa limemuuzia pikapu.

Ahadi ilivyoachwa

Baada ya mwaka 1978 Z ilianza kubadilika. Kila toleo jipya lilikuwa zito zaidi, lenye vikorombwezo zaidi na la bei ya juu zaidi. Wateja hawakukimbia mara moja, na hilo ndilo huwadanganya wafanyabiashara wengi. Jina zuri linaweza kubeba bidhaa kwa miaka kadhaa baada ya bidhaa yenyewe kuanza kuelekea kwingine.

Kisha ikaja fedha. Hadi mwaka 1971 dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na yeni 360. Aprili 1995 dola moja ilipata chini ya yeni 80. Kwa hesabu rahisi, gari lililohitaji yeni milioni 3.6 lingeuzwa dola 10,000 kwa thamani ya kwanza, lakini dola 45,000 kwa thamani ya pili, bila kuongezwa hata skrubu moja. Mkulima wa kahawa anaijua hesabu hiyo kwa upande wake: dola ikiyumba, bei ya shambani nayo huyumba, ingawa palizi ni ile ile.

Mwaka 1996 Z liliondolewa katika soko la Marekani. Gari lililozaliwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha kati lilikuwa limempita.

Kilichofuata ni somo tosha. Nissan ilianza kununua 240Z kuukuu, ikazipeleka kwa mafundi zikafumuliwa na kutengenezwa upya, kisha ikaziuza katika maduka yake kwa karibu dola 25,000 kila moja, zikiwa na dhamana. Zilizokamilika hazikufika 50, kwa sababu gharama ilikuwa kubwa. Lakini kampuni iliyokuwa haina Z jipya la kuuza ilikuwa imekiri hadharani kwamba wateja bado wanalitaka lile la kwanza.

Somo hilo lilieleweka. Mwaka 2002 Z lilirudi kwa jina la 350Z, bei ikianzia karibu dola 26,000, na wanunuzi wakarudi nalo.

Kosa jingine lilihusu jina. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni iliamua kuachana na jina la Datsun na kutumia Nissan pekee duniani kote. Jina lililopatikana kwa jasho la miaka mingi likawekwa kabatini. Lilitolewa tena mwaka 2013 kwa magari ya bei nafuu katika nchi kama India na Indonesia, na mwaka 2022 likazikwa tena. Mwenye duka la pembejeo aliyejulikana kwa mbegu zinazoota hawezi kubadili kibao cha duka leo, akakirudisha baada ya miaka 30, akategemea wateja wake wawe bado wanamsubiri mlangoni.

Maadhimisho ya rangi

Matoleo ya maadhimisho ya Z yamekuwapo kadhaa. Mwaka 1980, kutimiza miaka 10, yalitolewa magari 3,000 ya 280ZX: 2,500 ya rangi nyeusi na dhahabu, na 500 ya nyeusi na nyekundu.

La miaka 50 lilionyeshwa New York Aprili 2019, likiwa toleo la mwaka 2020 la 370Z. Lilipakwa rangi nyeupe yenye mistari myekundu, au ya fedha yenye mistari myeusi, kukumbuka 240Z iliyotwaa ubingwa wa mbio za Marekani mwaka 1970 na 1971. Mnunuzi aliongeza dola 2,600. Ndani kulikuwa na nembo na nyuzi za mapambo. Injini ilikuwa ile ile, katika gari ambalo lilikuwa limekaa sokoni kwa zaidi ya miaka 10.

Linganisha hilo na kilichotokea miezi michache baadaye. Januari 2020, katika mnada wa intaneti huko Marekani, 240Z ya mwaka 1971 iliuzwa kwa dola 310,000. Haikuwa na nembo yoyote ya maadhimisho. Ilikuwa gari la kawaida, lililotumika kidogo na kutunzwa kama lilivyotoka kiwandani.

Bei hiyo si ya kila siku, na mtu asije akauza shamba kwenda kutafuta Datsun kuukuu. Lakini mwelekeo uko wazi. Wanaokusanya magari ya zamani huzitafuta Z za mwanzo kabisa, ambazo hutambulika kwa matundu mawili ya hewa kwenye mlango wa nyuma, kwa sababu ndizo zilizobeba ahadi. Wanakwenda kwenye chemchemi, hawaendi kwenye chupa yenye picha ya chemchemi.

Kitakachopimwa 2029

Ni kweli Nissan ina sababu ya kutaka fedha za haraka. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025 ilipata hasara ya karibu yeni bilioni 670. Ilitangaza kupunguza wafanyakazi 20,000 na kubakiza viwanda 10 kutoka 17. Mwenye hali hiyo ataambiwa na washauri wake kwamba toleo la stika ni rahisi: gharama ndogo, bei kubwa, na wapenzi watanunua tu.

Ushauri huo ni wa kukataliwa. Kampuni yenye njaa ndiyo isiyotakiwa kula mbegu, na kwa Nissan mbegu ni imani ya mteja.

Z la sasa, lililozinduliwa Agosti 2021, si gari baya. Lina nguvu farasi 400, na taa na umbo lake vinakumbusha 240Z. Lakini lilipoingia sokoni Marekani mwaka 2022 bei ilianzia dola 39,990. Zile dola 3,526 za mwaka 1970, zikihesabiwa kwa kupanda kwa gharama za maisha nchini humo, ni takriban dola 28,000 za mwaka 2023. Pengo ni karibu dola 12,000. Hilo ndilo deni ambalo maadhimisho ya miaka 60 yanapaswa kuanza kulilipa.

Toleo la kweli la maadhimisho lingekuwa jepesi, lenye mapambo machache na bei ya chini kuliko Z nyingine zote, si ya juu. Lingemwezesha fundi, mwalimu au mwenye duka la kawaida kulinunua, kama mwaka 1970. Vipuri vya Z za zamani navyo vingeendelea kupatikana, maana kampuni inayosherehekea magari ambayo imeacha kuyahudumia inasherehekea makaburi.

Na Afrika Mashariki isisahauliwe. Mwaka 2013 gari lililoshinda Safari ya 1971 lilifufuliwa na wafanyakazi wa Nissan nchini Japani. Mwaka 2023, katika maonyesho ya Las Vegas, kampuni ilionyesha Z jipya lililopakwa rangi za gari lile la Herrmann na kupewa namba 11. Ni heshima nzuri, ila lilikuwa gari la maonyesho. Heshima kubwa zaidi ingekuwa kulileta gari la miaka 60 kwenye barabara zilizolipa jina, lipite kwenye vumbi na tope mbele ya wale wale wanaonunua pikapu, halafu ndipo liuzwe.

Mfanyabiashara mdogo asisubiri hadi 2029 kuchukua funzo lake. Anayetimiza miaka 10 ya kusaga unga au kuuza asali anaweza kuchapisha mifuko mipya yenye maandishi ya dhahabu na kupandisha bei. Au anaweza kujiuliza wateja wa mwaka wa kwanza walimfuata kwa nini, kisha akahakikisha wa mwaka wa kumi wanakipata kitu hicho hicho. Ya kwanza ni sherehe ya siku moja. Ya pili ndiyo iliyoifanya Datsun ikumbukwe baada ya zaidi ya miaka 50.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwaka 1971 240Z lilijiuza lenyewe, likiwa limejaa tope hadi madirishani. Mwaka 2029 utaonyesha kama Z bado linaweza.