Kilemba cha Ukoka

Mwanamume wa pwani hana upungufu wa maneno. Mpe kikombe cha kahawa na baraza ya kukalia, atakusifia jahazi asilopata kulipanda na embe za msimu uliopita. Mpe kalamu, atamsifia mwanamke tangu utosini hadi ukuchani. Ila mrudishe nyumbani kwake, mkalishe mbele ya mke aliyeishi naye miaka ishirini na mitano, umwambie: msifu huyu, yeye mwenyewe, kwa jambo moja analolifanya vyema. Hapo ndipo utakapoujua umaskini wetu.

Nadai kwamba sehemu kubwa ya sifa tunazowapa wanawake, katika mashairi, katika ujumbe wa simu na vichochoroni, si sifa. Ni kilemba cha ukoka: huvishwa upesi, hunyauka kabla ya adhuhuri, wala hakichagui kichwa.

Nianze na ushairi, maana huko ndiko tulikojifunzia uvivu. Utumbuizo wa Mwana Manga, unaonasibishwa na Fumo Liyongo, ulimsawiri mwanamke kiungo baada ya kiungo. Mtunzi yule hana lawama. Mahali palipokuwa msitu yeye alikata njia. Sisi tuliofuata tumekuwa tukipita papo hapo, mguu juu ya unyayo, na kila mmoja akijiita mvumbuzi. Shingo ni ya twiga, meno ni lulu, uso ni mwezi wa kumi na nne. (Twiga, kwa wasomaji wa visiwani, ni mnyama ambaye wengi wetu tumemwona kwenye picha tu.) Fanyeni jaribio jepesi. Chukueni shairi lolote la aina hii, futeni jina la Zuhura, andikeni Mariamu. Kitaharibika nini? Mizani moja itazidi, na pengine kina kitahitaji kurekebishwa. Shairi lenyewe halitatambua kwamba mtu ameondoka.

Neno lenyewe linatushitaki. Sifa, katika Kiarabu tulikoliazima, ni namna kitu kilivyo, na neno wasifu limetoka katika shina hilo hilo. Anayeandika wasifu wa mtu halazimiki kumpaka asali, analazimika kumwona. Kwa hiyo sifa isiyomhusu msifiwa haiwezi hata kuitwa sifa ya uongo, kwani uongo nao huhitaji mtu wa kuzuliwa.

Tazameni ya Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba katika jamaa ya wafinyanzi, akaingia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Walikuwapo waliomcheka kwa sura yake, na dhihaka hiyo ikatungiwa wimbo. Vile vipimo vya shingo na meno, alipotokea mwanamke asiyevijaza, havikuwa na la kusema juu yake ila tusi. Kilichomfanya Shaaban Robert amwandikie wasifu wake kilikuwa mahali ambapo vipimo hivyo havifiki: sauti, bidii, na mwenendo wa mtu aliyejitengeneza mwenyewe. Ndiyo kusema, lugha yetu inaweza. Sisi ndio tusiotaka.

Kisha kuna Mwana Kupona. Mwaka 1858 alimtungia binti yake utendi wa mawaidha, na tangu hapo hakuna bibi harusi wa pwani asiyekumbushwa, kwa njia moja au nyingine, jinsi ya kumpendeza mume. Mle ndani humo bibi yule anamshauri binti amlee mumewe kama mtoto asiyejua kusema. Wanaume tumelisikia shauri hilo kwa karne moja na nusu na ushei, na inaelekea tumeliona kuwa ni ruhusa. Tumekaa kimya kama watoto kweli kweli. Husikii mtu akiuliza alikuwa wapi mtunzi wa kiume wa kumwandikia mwanawe utendi wa jinsi ya kuzungumza na mke. Na hata Mwana Kupona mwenyewe, tunamsifu kwa utiifu aliousia. Ni wachache wanaomsifu kwa alichokifanya, yaani kuushika utendi mrefu kwa mkono thabiti akiwa katika maradhi. Mshairi mkubwa tumemgeuza kuwa somo wa harusi.

Najua majibu, kwa sababu ni methali, na methali husemwa kana kwamba ni hukumu. La kwanza: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ajabu ni kwamba methali hii hukumbukwa zaidi akisifiwa mke kuliko akisifiwa mwanasiasa. Na mgema wa methali alilitia maji kwa kuwa aliuza. Akina mama wanaoamka alfajiri kuchapa unga wa chapati hawamuuzii mtu. La pili: kizuri chajiuza. Chajiuza sokoni, naam. Mke si kitoweo.

Jibu la tatu ndilo zito, nalo ni haya na dini. Muungwana, huambiwa, hamsifu mkewe hadharani, na Mtume (S.A.W.) aliamrisha wasifuji watupiwe mchanga usoni. Ni kweli, wasifuji. Wale ambao kusifu ndiyo biashara yao. Lakini Mtume huyo huyo aliulizwa na Amr bin al-As ni nani ampendaye kuliko watu wote, akamtaja Aisha bila ya kumung'unya. Na kuhusu Bibi Khadija, miaka mingi baada ya kifo chake, alitaja mambo yanayohesabika: kwamba alimwamini watu walipomkanusha, kwamba alimsaidia kwa mali yake watu walipomnyima. Hamna twiga hapo. Mna mwanamke mmoja tu ambaye maneno hayo yanaweza kumkaa, na ukibadilisha jina yanavunjika.

Wengi wetu, tukijaliwa kusema, husema baada ya mazishi. Shaaban Robert alimtungia Amina, mkewe, shairi la maombolezo ambalo msomaji halisahau. Ni zuri, na limenifanya mara nyingi niwaze juu ya Amina wengine, walio hai, wanaokuna nazi wakati huu huu.

Huko njiani nako sifa ni tele. Msichana akipita kichochoroni ataitwa mrembo na malaika kabla hajafika kwenye duka la pembeni. Asipogeuka, malaika yule yule huambiwa kwamba anaringa na wala si mzuri kitu. Basi lile la kwanza lilikuwa bei, na lile la pili ni ghadhabu ya mnunuzi aliyekataliwa. Sifa ya kweli haidai jibu. Huachwa mlangoni kama sahani ya futari iliyofunikwa kawa, na aliyeileta akaenda zake.

Nyumbani tuna neno letu moja la pekee: pole na kazi. Ni adabu njema, sitaki iondoke. Lakini pole huutambua uchovu, haiutambui ustadi. Hongera tumeiwekea arusi, uzazi na mitihani. Katikati ya pole na hongera kuna uwanja mpana ambamo wanawake hufanya kazi maisha yao yote bila ya kuambiwa lolote. Kofia ya mkono ninayoivaa siku ya Idi ina mamia ya vitundu, kila kimoja kimezungushiwa uzi. Msikitini nasifiwa mimi niliyeivaa. Mwani wa Paje na Jambiani, tangu ulipoanza kulimwa kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980, umejenga nyumba na kulipa ada za shule kwa migongo ya wanawake waliosimama majini saa nzima baada ya saa. Wanasifiwa kwa uvumilivu, kama punda. Aliyejifunza kuisoma bamvua na kujua kamba ipi itavumilia pepo za kusi, huyo ana elimu. Amwambie nani kwamba anayo? Mchuzi nao: mwenye kula kwa kuuona atasema tui zito limetiwa mwisho ndiyo maana halikukatika. Maneno machache tu, na mpishi atajua kwamba mezani palikuwa na mtu.

Mhariri aniruhusu ombi moja. Kila shairi la mapenzi litakaloletwa hapa, alijaribu kwa kubadilisha jina. Likibaki zima, alirudishe kwa mwenyewe, langu likiwamo. Kurasa zitapungua. Na zipungue.