Mwacheni Jon Snow na kiapo chake

Jamani nimepotea, najua. Likizo, kisha mvua, kisha umeme, kisha sapu moja ambayo sitaki hata kuizungumzia. Nimerudi kampasi na kuna jambo linanichoma tangu Kasulu, ngoja nilitoe labda nitalala.

Iko hivi. Kabla sijafika kwetu Kibondo nilishukia Kasulu kwa kina rumeti wangu, nikakaa siku nne. Baridi ya kule mnaijua, mvua ikianza mchana hakuna pa kwenda, ni chai na mihogo ya kuchemsha mpaka giza. Tukachomeka ile flashi ya Game of Thrones, sizoni zote 8. Yeye alikuwa hajawahi kuiona, mimi narudia. (Kama hujaimaliza ishia hapa, usije ukanilaumu. Ilianza 2011 ikaisha 2019, muda ulikuwa nao.) Wadogo zake wakaja, binamu wakaja, na majirani wawili ambao nadhani walifuata mihogo. Tulipofika Jon Snow yuko pangoni na Ygritte, ugomvi ukaanza, na haujaisha hadi leo.

Kwa wasiojua: Jon ni askari wa Night's Watch, wale wanaolinda Ukuta kaskazini. Ukishaapa kule huoi, huzai, huna shamba, na unatoka ukiwa maiti. Halafu anatumwa kwa maadui kama mpelelezi, anampenda msichana wa huko. Sebule nzima ikapiga kelele: abaki naye! Kiapo ni maneno tu!

Maneno tu. Sawa. Mlipokuwa mnalia Ygritte alipompiga ile mishale mitatu huku machozi yanamtoka, mlikuwa mnalilia nini? Kama Jon angeweza kuondoka bila kupoteza kitu, Ygritte angekuwa msichana fulani aliyekutana naye kwenye theluji, basi. Mnataka machozi lakini gharama hamtaki.

Hilo bado nalivumilia. Kinachonichefua mimi ni hoja ya binamu mmoja, anasoma sheria (ndiyo, anasoma sheria, mngetegemea nini). Eti kiapo kinakataza kuoa na kuzaa, hakijakataza kulala na mwanamke. Na kweli Sam anaitoa hoja hiyo hiyo usiku ule kabla ya vita, sizoni ya 4. Na kweli askari wale wanashuka Mole's Town kwenye danguro na hakuna anayekatwa kichwa. Binamu akakunja nne kama ameshinda kesi.

Nikamuuliza: na huyo mwanamke ni nani? Kimya. Nani jamani? Maana kama kiapo chako kinasema huna mke, basi yeye si mke, hata ukiwa naye miaka ishirini. Ukifa hakai mkekani na wafiwa. Watoto wake wanakuita mjomba. Msijifanye hamjui, hakuna kijiji cha Wakatoliki huku kwetu ambako hujasikia hadithi ya "mpwa wa padri" aliyefanana na padri kuliko padri mwenyewe. Watu wanacheka, wanaendelea na misa. Anayelipa ni yule mama.

Mtazameni Gilly. Mwisho wa sizoni ya 8 Sam ni Grand Maester, na wale nao wanaapa kutooa. Gilly ana mimba. Yeye ni nani sasa kwa Sam? Walioandika hawakujali, na nyie mashabiki mkasema "angalau Sam ana furaha". Mkaishia hapo.

Sasa rumeti. Yeye ndiye alinipiga pabaya, maana baba yake ni mchungaji wa Kianglikana, na Kasulu ndiyo makao ya Dayosisi ya Western Tanganyika, wachungaji wenye wake na watoto ndio amekua nao. Akaniambia, "Shosti, baba yangu anabatiza, anazika, anaamka usiku kwenda kuombea wagonjwa, na mama yupo jikoni. Mungu gani huyo anamkataa mke Kibondo halafu anamkubali Kasulu?"

Mweee. Nilikunywa chai kwanza.

Na yuko sahihi, nakubali. Sheria yenyewe ni ya kanisa, watu waliiweka. Mtaguso wa pili wa Laterani, 1139, ndio uliokaza kabisa kwamba ndoa ya padri si ndoa. Wakatoliki wa Mashariki mpaka leo wana mapadri waliooa. Sinodi ya Amazonia 2019 iliomba wanaume wenye familia wapewe upadri kule mbali, Papa Fransisko akajibu 2020 bila kuufungua huo mlango. Kwa hiyo mnaotaka kupigana na sheria, pigeni! Hata Askofu Mkuu Milingo wa Zambia, mseme mnavyosema, alioa hadharani 2001, dunia nzima ikaona, na kile kitendo chake cha kuwapa uaskofu wanaume waliooa mwaka 2006 kikamfanya atengwe na kanisa. Yule binamu wa sheria na mwanya wake hathubutu hivyo.

Na kuna sehemu nyingine nakubaliana na sebule. Jon wa kwenye kitabu ana miaka 14 tu hivi anapotaka kwenda Ukutani. Benjen, baba yake mdogo, anamwambia kabisa kwamba hajui anachokiacha. Wenzake wengi walichaguliwa kati ya Ukuta na adhabu. Kiapo cha mtoto asiye na pa kwenda mimi nakiona nusu kiapo. Lakini seminari siyo Ukuta. Unakaa miaka ya filosofia, unakaa miaka ya teolojia, mlango uko wazi, na wengi wanatoka wanaoa na hakuna anayewakimbiza na upanga.

Yeye hakutoka.

Haya, nimelisema. Wachache mnamjua, msimtaje. Tulimaliza kidato cha sita mwaka mmoja. Aliniambia stendi Kibondo, basi langu linaunguruma, eti ameandika barua ya kuomba seminari na anataka niisikie kwake kabla ya watu. Nilikaa mwaka mzima naomba avunje. Nilikuwa na hoja zote za ile sebule, na nyingine nzuri zaidi. Angekubali ule mwanya wa binamu ningekubali na mimi, hilo ndilo linalonitisha. Alikataa, na leo hakuna Kibondo mtu anayeniita jina la pembeni.

Kwa hiyo mkisema Jon alikuwa mjinga mimi nasikia mnasema mtu mwingine. Na mnaolilia Jaime na Brienne wamalizwe, mliona walivyomalizwa kwenye runinga, muda mfupi tu Winterfell, halafu usiku jamaa anapanda farasi kumfuata Cersei. Kwenye kitabu tangu 2011 Jaime bado anamfuata Brienne, na hatujui wanakwenda wapi. Martin asipoandika tena, mimi hapo pananitosha.

Kadi ya mchango wa ushemasi imenifikia wiki iliyopita, imeletwa na dada yake bila kunitazama usoni. Bumu lilikuwa limetoka, nikatoa elfu 20. Rumeti ameiona kadi mezani. Hakusema kitu muda mrefu, halafu akauliza kama kile kitenge cha bluu bado kinanitosha, maana kiunoni nimenenepa.